Kujifunza Kuachia

Jumanne, 11 Februari 2025

Mvulana wa miaka 7, darasa la pili, anatoka Mbagala. Humu nitamwita K. Ameletwa na bibi yake mzaa mama. Faili lake ni nene kupita umri wake: dawa za minyoo, dawa za kuhara, vidonge vya zinki, kisha dawa za kuhara tena. Muda wote huo hakuwa anahara. Utumbo wake umejaa choo kigumu, na kinachovuja kwenye kaptula ni kile chepesi kinachopenya pembeni ya kilichokwama. Daktari wetu wa watoto alikigundua kwa kupapasa tumbo tu, chini ya kitovu kuelekea kushoto, ndipo akampeleka kwenye ultrasaundi. Puru, ile sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, imetanuka hadi sentimita 5. Kwa watoto, ikizidi 3 tunajua kuna mzigo.

Bibi aliniamkua kabla sijamwamkia, nikaona aibu, nikampa shikamoo yake. Akaanza moja kwa moja. "Mwanangu, huyu haumwi. Huyu ni mkaidi. Ukimwambia nenda chooni, anasema hana haja. Ukigeuka tu, ameshajichafua."

Nilimwomba anionyeshe K. anavyosimama akibanwa. Bibi akainuka na miguu yake inayomsumbua, akapanda vidoleni, akabana mapaja, akashika ukingo wa meza yangu na kukunja uso. "Hivi. Anajikamua, maskini, hakitoki."

Hajikamui. Anazuia. Mtoto anayesukuma huchuchumaa, huinama, huvimbisha tumbo. Anayezuia hujinyoosha, hubana matako, hupanda vidoleni, hujificha nyuma ya kabati au pazia mpaka haja ipite. Ningependa kila muuguzi wa kliniki ya watoto aijue tofauti hii, kwa sababu ukiona mtoto anasukuma utamwambia asukume zaidi, na hapo unamzidishia.

Habari yake ndiyo ileile ya karibu wote ninaoletewa. Siku moja choo kilikuwa kikubwa na kigumu, kikamchana. Mtoto wa miaka 5 au 6 hahitaji kuumia mara mbili ili ajifunze. Haja iliyofuata akaizuia. Choo kinachobaki ndani huendelea kunyonywa maji na utumbo, kikazidi kuwa kigumu, kikazidi kuwa kikubwa, na kilipotoka kikamthibitishia kwamba alikuwa na haki ya kuogopa. Puru inayokaa imejaa miezi hutanuka na kulegea kama lastiki ya kaptula iliyovutwa mno, na ikishatanuka haipeleki tena taarifa kwamba imejaa. Kwa hiyo K. anaposema hakusikia kikitoka, anasema kweli. Bibi alipolisikia hilo alimtazama mjukuu wake kwa muda mrefu, kisha akarekebisha khanga yake bila kusema kitu.

Alhamisi, 13 Februari

Nimekaa na daktari kupitia yale ambayo lazima tuyatafute kabla hatujasema ni kufunga choo kwa kawaida, maana kwa watoto wengi sana hakuna ugonjwa mwingine nyuma yake, lakini kwa wachache upo. Choo cha kwanza cha kichanga kilitoka lini? Bibi alikuwepo wodini. Kilitoka usiku uleule, na hilo linatupunguzia wasiwasi wa Hirschsprung, maradhi ambayo kipande cha utumbo huzaliwa bila chembe za neva. Vichanga wengi wenye maradhi hayo huchelewa kupata choo cha kwanza kupita saa 48. Uzito unapanda. Hatapiki nyongo. Miguu ina nguvu, anakimbia. Mgongo chini hauna kishimo wala kishungi cha nywele. Tezi la shingo halijavimba.

Swali lingine gumu zaidi. Mvulana akianza kujichafua, mtaani watu huwaza jambo moja, kwamba amelawitiwa. Bibi hakulitaja ila alilizunguka. Swali hilo tunamwuliza kila mtoto, na anayeliuliza ni ofisa ustawi wa jamii, faragha, kwa muda, bila kumwekea mtoto maneno mdomoni. Kungekuwa na dalili, njia inajulikana: ustawi wa jamii, Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na ulinzi wa mtoto kwanza kuliko kitu chochote. Kwa K. hakuna dalili wala neno. Kuna uvumi tu, na uvumi umeshamwondoa kwenye timu ya mpira ya mtaa wao.

Tumekubaliana aanze dawa ya kulainisha choo kwa dozi kubwa kwa siku kadhaa, ili mzigo utoke kwanza. Makrogoli haikupatikana kwa bei wanayoiweza. Atatumia laktulosi na daktari ataongeza kichocheo kidogo cha utumbo. Kabla mzigo haujatoka mimi sina kazi ya kufanya. Huwezi kumfundisha mtoto kuachia wakati kilichopo ndani kinauma.

Jumapili, 16 Februari

Dada yangu ameniuliza tena kazi yangu ya fiziotherapia na watoto ni ipi. Kwake, mazoezi ya nyonga ni ya wanawake waliojifungua. Si kosa lake. Hata mimi nilianzia huko, nikiwa na akina mama waliofanyiwa upasuaji wa fistula, nikiwafundisha kukaza misuli ili mkojo usivuje. Mazoezi yale yanabeba jina la daktari wa Marekani, Arnold Kegel, aliyeandika juu yake mwaka 1948, na yote yanahusu kukaza: kaza, hesabu, legeza, kaza tena.

K. hana udhaifu wa kukaza. Msuli wake umekesha. Kuna msuli mmoja unaoanzia kwenye mfupa wa kinena, ukapita nyuma ya puru na kurudi mbele. Ukikaza, unaivuta puru na kuikunja hadi karibu pembe mraba. Ndiyo maana tunakohoa, tunacheka na kulala bila kuvuja. Wakati wa haja msuli huo unatakiwa ulegee, pembe ifunguke, njia inyooke. Watoto kama K. wakisukuma, msuli hukaza badala ya kulegea. Wanasukuma na kuzuia kwa wakati mmoja, wanatoka jasho, kinatoka kipande, wanaambiwa hawajajitahidi.

Kuchuchumaa huifungua ile pembe. Mwaka 2003 mtafiti wa Israel, Dov Sikirov, aliwalinganisha watu wazima 28 katika mikao mitatu. Walipochuchumaa walimaliza kwa muda mfupi zaidi na kwa nguvu ndogo kuliko walipokaa. Bibi zetu hawakuhitaji kupimwa. Lakini nyumba za kupanga za siku hizi zina choo cha kukaa kilichotengenezwa kwa miguu ya mtu mzima, na mtoto wa darasa la pili anakaa pale miguu ikining'inia, mikono imeshika ukingo asije akazama. Mtoto anayening'inia hawezi kulegeza nyonga. Mwili wote uko kwenye kazi ya kutoanguka.

Jumatano, 26 Februari

Mzigo umetoka. Ilichukua siku tano na mashuka mengi. Mama yake mwenyewe ndiye aliyekuja leo, ameomba ruhusa dukani Kariakoo, na macho yake yamechoka. Alisema usiku wa tatu alilia, akidhani tumemharibu mtoto.

Kwa mtoto sigusi ndani. Sihitaji, na mtoto ambaye eneo hilo limeshampa maumivu hastahili mkono wa mgeni. Hospitali zenye uwezo hubandika stika ndogo juu ya ngozi pembeni ya njia ya haja kubwa, waya ukapeleka umeme wa misuli kwenye skrini, mtoto akauona msuli wake ukipanda na kushuka kama mchezo. Sisi hatuna. Tuna khanga.

Nimeiviringisha khanga ikawa gogo gumu, nikaiweka juu ya benchi, K. akaikalia kama baiskeli. "Finya kama unavyozuia ushuzi darasani." Alicheka mpaka akashindwa kufinya. Alipotulia, alihisi kitu kinapanda na kuikimbia khanga. "Sasa achia, kiache kirudi kikae kwenye khanga." Hapo alinyamaza. Kupanda alikuelewa mara moja. Kushuka hakujua kuko wapi. Nilimwambia ajaribu huku anavuta pumzi taratibu, mkono mmoja juu ya tumbo, tumbo livimbe mbele. Kiwambo kikishuka, sakafu ya nyonga nayo hushuka. Vinafanya kazi pamoja, na pumzi ndiyo njia ya kuufikia msuli usiotii amri. Mara ya kwanza alizuia pumzi, akakunja uso, akafinya. Ndivyo wote wanavyoanza.

Ndipo nikaleta kikombe cha maji ya sabuni na mrija. Mtoto anayepuliza mapovu hawezi kubana pumzi. Mapovu yakajaa sakafuni, K. akapuliza, tumbo likatoka mbele, nikamwuliza taratibu, "Kiko wapi sasa?" Akasema, "Kimekaa." Nimeiandika hapa kwa sababu ndiyo kazi yote. Yaliyobaki ni kulirudia hilo mpaka lifanyike bila mapovu, chooni, peke yake.

Tumepanga mambo ya nyumbani. Ndoo ya lita 10 iliyogeuzwa, miguu yote miwili juu yake, magoti yapande kuzidi nyonga, viwiko juu ya magoti, mgongo usijikunje. Akae dakika 5 hadi 10 baada ya chakula, si wakati wowote, maana chakula kikiingia tumboni utumbo mpana huamka na kusukuma. Hiyo ni dakika ya bure aliyopewa na mwili. Nyota kwenye karatasi ya ukutani ni kwa kukaa. Asipewe nyota kwa choo kutoka, kwa sababu choo hakiko chini ya amri yake bado, na mtoto asiadhibiwe kwa kunyimwa zawadi ya kitu asichoweza.

Mama aliniuliza kuhusu mapapai, maji na ugali wa dona. Vyote vizuri, ale. Lakini amekuwa akimlisha mapapai mwaka mzima huku mtoto akijazana. Mwongozo wa madaktari wa matumbo ya watoto wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini wa mwaka 2014 unasema chakula chenye nyuzinyuzi za kawaida na maji ya kawaida vinatosha, na haukuona sababu ya kuvizidisha kama tiba. Nilimwambia hivyo ili aache kujilaumu jikoni.

Jumatano, 5 Machi

Ramadhani imeharibu ratiba kwa namna nzuri. K. hafungi, lakini nyumba nzima inaamka kwa daku, naye anaamka nao, anakunywa uji, analala tena. Nimeshauri akae chooni baada ya ule uji wa alfajiri, kabla ya kurudi kitandani, na tena baada ya futari. Bibi ameikubali nusu ya pili tu. Alfajiri anasema ni wakati wa ibada, choo kisiwe na foleni. Ni haki yake. Nusu inatosha.

Ijumaa, 14 Machi

Nimekwenda shuleni kwake. Mwalimu mkuu alinipokea vizuri, na jina la shule halina kazi humu, kwa sababu ningeweza kuandika maneno hayahaya kuhusu shule nyingi. Kiwango cha taifa ni tundu 1 la choo kwa wasichana 20 na 1 kwa wavulana 25. Darasa la K. peke yake lina wanafunzi zaidi ya idadi hiyo, na matundu ya wavulana yanahudumia shule nzima. La mwisho halina komeo. Wavulana wakubwa husukuma mlango kwa mchezo. Maji yako kwenye pipa upande wa pili wa uwanja.

Nikasimama pale wakati wa mapumziko nikamwona mtoto mmoja, siyo K., amesimama nyuma ya mti wa mwarobaini juu ya vidole vyake. Ninajua alichokuwa anafanya. Kengele ikalia, akaingia darasani.

K. alikuwa ameniambia kwa sauti ndogo, "Mimi siendi choo cha shule." Anatoka nyumbani kabla hakujapambazuka vizuri, anarudi alasiri. Haja inamjia saa nne baada ya uji wa shule, kama mwili unavyotaka, naye anaizuia. Akifika nyumbani imeshapita. Tunaweza kumfundisha kupuliza mapovu mpaka Mei. Kama kila saa nne anaufundisha msuli kinyume, sisi tunafanya kazi usiku na shule inabomoa mchana.

Mwalimu mkuu alisikiliza. Amekubali K. atumie choo cha walimu baada ya uji, na mwalimu wa darasa ampe ruhusa bila kumwuliza mbele ya wenzake. Kwa komeo amemwita fundi papo hapo. Choo cha ziada, alisema, kinahitaji fedha ambazo hana, na sikuwa na jibu la kumpa isipokuwa kuahidi kuandika barua kwa ofisa elimu wa kata, pamoja na daktari, tukieleza kwamba choo kibovu cha shule ni jambo la hospitali pia. Nimeianza usiku huu.

Jumamosi, 22 Machi

Nimesoma, na ninataka kujiandikia bila kujipendelea.

Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2017: watoto 53 wa miaka 5 hadi 16, wote wameshafika hospitalini. Wengine walipata matibabu ya kawaida, yaani dawa, maelezo na ratiba ya choo. Wengine wakapata hayo pamoja na fiziotherapia ya nyonga. Waliofanikiwa upande wa kwanza ni asilimia 63.0, upande wa pili 92.3. Ningesoma huo peke yake, ningekata tiketi ya kwenda kuutangaza. Lakini upo mwingine, Uholanzi hukohuko, wa mwaka 2020: watoto 134 wa miaka 4 hadi 17 wanaotibiwa kwa madaktari wa familia, na fiziotherapia haikuongeza idadi ya waliofanikiwa. Na nyuma zaidi, 1996, Waholanzi pia waliwajaribu watoto 192 kwa mashine ya kuonyesha misuli. Haikuzidi dawa na ratiba.

Ninavyoona mimi, hakuna ugomvi kati ya tafiti hizi. Mtoto ambaye choo kimeanza kuwa kigumu juzi anahitaji dawa ya kulainisha iliyotolewa kwa dozi ya kutosha na kwa muda wa kutosha, anahitaji kukaa baada ya chakula, anahitaji watu wasimkaripie. Hanihitaji. Kumpandisha mama yake daladala mbili kila wiki kuja kwangu ni kumdhulumu nauli. Anayenihitaji ni yule ambaye dawa imekuwa sawa, puru imekuwa tupu, na bado akikaa msuli unajifunga. Na wapo.

Daktari nimemwambia hivyo. Tukubaliane nani aletwe chumba hiki.

Jumanne, 8 Aprili

K. amerudi nyuma. Sikukuu ya Idd choo kilikuwa kizuri wiki nzima, laini, kila siku, na bibi akaona mtoto amepona, akaiweka chupa ya laktulosi juu ya kabati. Sasa ni siku nne bila haja, kaptula imeanza kuchafuka, na anakojoa kitandani pia. Hilo la kitandani linawashangaza wengi, lakini puru iliyojaa inakandamiza kibofu kilicho mbele yake. Kibofu kinakosa nafasi.

Bibi aliogopa dawa itaufanya utumbo uzoee. Woga huu ninausikia kutoka kwa watu wa kila aina, hata wauguzi. Laktulosi haifanyi hivyo. Inavuta maji kwenye choo, basi. Kinachoudhoofisha utumbo ni kujaa. Puru iliyotanuka kwa mwaka haiwezi kurudi umbo lake kwa wiki, na dawa inatakiwa iendelee angalau miezi miwili, isianze kupunguzwa mpaka mtoto amekaa mwezi mzima bila dalili, halafu ipunguzwe kidogo kidogo. Nilimweleza bibi tena, nikiwa nimekaa chini yake kwenye kigoda. Hakujitetea. Alisema, "Niandikie kwa herufi kubwa, nibandike kwenye friji."

Nimemwandikia.

Alhamisi, 10 Aprili

Barua kwa ofisa elimu kata imepelekwa. Daktari ameweka sahihi ya pili.

Jumatatu, 5 Mei

Masika imefunga barabara, wagonjwa wachache. Mmoja mpya: binti wa miaka 4, nitamwita Z. Anajisaidia kwenye pampasi tu. Ukimvua hatoi, hata kwa siku sita. Wanaishi uani, choo cha shimo cha wapangaji wote, tundu pana, giza, na chini unasikia.

Mama yake amejaribu kila kilichopo. Kipande cha sabuni kwenye njia ya haja kubwa. Mafuta ya nyonyo. Bomba la enema. Kila kimoja kilitoa choo siku ile, na kila kimoja kilimfundisha Z. kwamba watu wazima wakikuvua nguo wanakuja kukuumiza. Sikumlaumu. Ukiona mwanao tumbo limejaa usiku wa manane unafanya ulichoonyeshwa na mama yako. Nimemwomba tu asifanye tena, na nikamweleza kwa nini sabuni inachoma ngozi ya ndani.

Woga wa Z. ninauheshimu kuliko woga wowote ninaoletewa. Mwaka 2014 mtoto wa miaka 5 alitumbukia kwenye choo cha shimo shuleni kwao Limpopo, Afrika Kusini, akafa. Mtoto mdogo akiliogopa tundu pana anaona sawasawa.

Kwa hiyo hatuanzi na shimo. Dawa ya kulainisha kwanza, pampasi iendelee. Aitumie lakini akiwa amesimama ndani ya eneo la choo, kisha amechuchumaa nayo, kisha amekaa nayo juu ya poti, kisha pampasi imefunguliwa kiunoni, na hatua moja haianzi mpaka ile iliyotangulia imekuwa ya kawaida. Poti abaki nayo hadi umri wake utakapomruhusu kuvuka tundu kwa urahisi. Mama aliuliza itachukua muda gani. Nilimwambia miezi. Akashusha pumzi, lakini akasema, "Bora miezi kuliko kumshika miguu."

Jumanne, 20 Mei

K. leo amesimama katikati ya zoezi, akaiacha khanga, akasema, "Dada, ninataka kwenda." Hakupanda vidoleni. Hakutazama kabati. Alitembea.

Huenda mtu asiyefanya kazi hii asione kilichotokea. Puru imeanza kuhisi. Kwa miezi haikumletea taarifa yoyote, leo imemletea mapema, na yeye badala ya kuifukuza ameifuata. Mama yake alikuwa nami, tulitazamana. Aliporudi, K. alionyesha namba yake kwenye chati ya Bristol iliyoko ukutani, ile picha ya aina saba za choo iliyotolewa na Lewis na Heaton mwaka 1997. Nne. Alianza kwetu akiwa na moja, kile watu wanachokiita choo cha mbuzi.

Mama ameniambia pia kwamba K. amerudi kwenye timu. Beki.

Alhamisi, 12 Juni

Daktari ameanza kumpunguzia dawa K., robo ya dozi, tutazame mwezi mmoja kabla ya kugusa tena. Kaptula ni safi wiki nyingi sasa. Kitandani mara mojamoja. Shuleni tundu la mwisho lina komeo. Choo cha ziada bado ni barua.

Z. yuko hatua ya kuchuchumaa na pampasi yake. Wiki iliyopita alirudi nyuma hatua moja baada ya kuumwa homa, tukamwacha arudi.

Wauguzi wa kliniki ya watoto wamenipa saa moja Jumatano ijayo. Sitawapeleka kwenye mambo mengi. Nitawaonyesha mkao wa anayezuia na mkao wa anayesukuma, waijaribu wenyewe, mpaka kila mmoja aihisi mwilini mwake. Halafu jambo la pili: mtoto anayechafua nguo kila siku apapaswe tumbo kabla ya kuandikiwa dawa ya kuhara. Kama wakiondoka na hayo mawili, itakuwa saa iliyotumika vizuri.

Familia ya K. inakwenda Tanga likizo, kwa basi. Safari ndipo watoto wengi wanapojifunga upya: choo kigeni, chakula kigeni, dereva hasimami. Nimemwandikia mama kwenye karatasi: dozi iwe ileile, isirukwe siku ya safari, anywe uji kabla ya kuondoka, akae, ndipo wapande basi, wakifika Segera njiani washuke wote, aende hata kama anasema hana haja, mama asimame mlangoni, kule kwa shangazi waulize ndoo siku ya kwanza, wasione haya. Wakirudi Julai tutampima puru tena.